Mbona Feni za Malindi Huchoka Mapema? Stori Yote Iko kwa Plastiki Ndani ya Kapasita

Kama umewahi kulala Malindi, Watamu ama Mtwapa mwezi wa pili, hii unaijua. Saa nane usiku, shuka imelowa jasho, na feni ya dari iko namba tano lakini inazunguka kama inadaiwa. Upepo haufiki kitandani. Ukiizima halafu uiwashe tena, inanguruma tu hapo juu mpaka mtu aisukume na mti wa ufagio ndiyo ishike njia. Mwenye nyumba anasema mota imekufa, kesho atoe doh anunue feni mpya.

Tulia kwanza, buda. Mara nyingi mota haina noma yoyote. Kilichokufa ni kadude kadogo keusi, saizi ya kiberiti, kamefichwa kwa kile kikombe cha juu karibu na ndoano ya dari. Mafundi wanakaita kapasita, na ukienda dukani unakapata kwa soo chache tu. Ndani yake kuna utepe mrefu wa plastiki umeviringishwa kama mkeka. Hiyo plastiki ndiyo imeisha.

Na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu plastiki tunaijua kama kitu ambacho stima haigusi. Shuleni walikuambia kuna vitu vinapitisha umeme na kuna vihami, yaani vitu visivyopitisha, mwisho wa topiki. Kumbe kihami ndani ya kapasita hakiko likizo. Kinavutwa huku na huku, kinapata joto, kinazeeka, na kinatoboka tundu moja baada ya lingine. Pwani inakifanyia hivyo haraka kuliko sehemu nyingi za Kenya.

Pazia la harusi

Chukua harusi ya Pwani. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, pazia katikati. Kila upande unatamani kuchungulia wa pili, kwa hivyo watu wanasongea pazia. Hawavuki, lakini wanajazana pale pale. Kapasita ni hivyo tu. Kuna bati mbili nyembamba za chuma ambazo hazigusani, na katikati yake kuna kihami. Ukiunganisha na stima, chaji hasi inajaa bati moja, chaji chanya inajaa ile nyingine, zinatamaniana kupitia pazia na zinabaki hapo. Ule mvutano uliojaa katikati ya bati mbili ndio wanafizikia wanaita uga wa umeme.

Sasa pazia lenyewe linafanya nini? Kila molekyuli ya plastiki ina elektroni, ambazo ni hasi, na viini vya atomu, ambavyo ni chanya. Uga ukiingia, elektroni zinavutwa kidogo kuelekea bati chanya, na viini vinavutwa kuelekea bati hasi. Haziachani, zimefungwa pamoja, lakini kila molekyuli inakuwa imeegemea upande. Jumlisha molekyuli zote hizo zimeegemea pamoja na unapata uga mdogo wa ndani unaopinga ule wa nje. Presha kati ya bati inapungua, na sasa bati zinaweza kubeba chaji zaidi kwa volteji ile ile. Yaani kihami hakizuii tu. Kinasaidia kubeba.

Mwingereza Michael Faraday aliipima hii kitu mwaka 1837. Alichukua matufe mawili ya shaba, moja ndani ya lingine, akajaza nafasi ya katikati kwa hewa, halafu kwa kioo, halafu kwa salfa, akaona kila kihami kina kiwango chake cha kubeba chaji. Msomi mwenzake William Whewell ndiye alimpatia jina la kuita hivi vihami vinavyobeba uga, ambalo kwetu linaandikwa dielektriki. Tangu hapo kila dielektriki ina namba yake. Mahali ambapo hakuna kitu kabisa, hata hewa, ni 1. Hewa yenyewe ni karibu 1 vilevile. Polipropilini, plastiki iliyo kwa feni yako na iliyo jamii moja na yale magunia meupe ya kusukwa ya sukari, ni kama 2.2. Kioo kinaanzia kama 5 kwenda juu. Maji safi ni karibu 80.

Ndio, 80. Molekyuli za maji tayari zina upande chanya na upande hasi hata kabla uga haujaingia, kwa hivyo uga ukifika zinageuka zote mara moja kama bendera zikipigwa na kusi. Ungefikiri basi tungejaza maji kwa kapasita tumalize mchezo. Shida ni kwamba maji ya kawaida yana chumvi zilizoyeyuka, na chumvi hizo zinatembea na chaji. Pazia linakuwa mlango. Weka hiyo akilini, kwa sababu maji ndiyo adui tutakayemrudia.

Nusu leso ndani ya kiberiti

Feni nyingi za dari zina kapasita ya karibu maikrofaradi 2.5. Tuseme utepe wake una unene wa maikromita 6, ambayo ni saizi ya kawaida kwa kazi hii. Unywele wa kichwa chako ni kama maikromita 70. Ukipiga hesabu, ili upate maikrofaradi 2.5 kwa plastiki ya unene huo unahitaji eneo la karibu mita mraba 0.77. Hiyo ni kama nusu ya leso moja. Nusu leso, imeviringishwa mpaka ikaenea kwa kiberiti. Na zile bati za chuma si bati kihivyo. Ni mvuke wa alumini au zinki uliopakwa juu ya plastiki, mwembamba kuliko hiyo plastiki zaidi ya mara mia.

Sasa ongeza stima. Tunasema stima ya Kenya ni volti 240, lakini hiyo ni namna ya wastani. Mawimbi yake yanapanda mpaka karibu volti 340, yanashuka, yanageuka upande wa pili, mara 50 kwa sekunde. Gawanya 340 kwa maikromita 6 unapata volti 57 kwa kila maikromita ya plastiki. Hewa ya kawaida ikibebeshwa kama volti 3 tu kwa maikromita, inachanika na kutoa cheche. Hapo ndipo radi huanzia. Kwa hivyo hapo juu ya kitanda chako kuna plastiki inabeba uga karibu mara 19 ya ule unaopasua hewa, na inabeba kimya kimya. Hiyo ni hesabu ya chini pia, kwa sababu koili za feni zinaweza kusukuma volteji ya kapasita ikapita ile ya soketi. Ndiyo maana utaona imeandikwa 400 au 450.

Mwelekeo wa huo uga unageuka mara 100 kila sekunde, na kila ukigeuka molekyuli zinageuka nao. Kwa siku moja ni zaidi ya mara milioni 8. Kuna plastiki nyingi ambazo zingechemka kwa hiyo kazi, kwa sababu molekyuli zao ni nzito kugeuka na kila mgeuko unaacha joto. Polipropilini ilichaguliwa kwa sababu inageuka karibu bila kupoteza kitu. Kwenye maabara, utepe safi unaweza kuvumilia mamia ya volti kwa maikromita kabla haujapasuka. Kwa karatasi, hesabu ni poa.

Inajitibu mpaka inaisha

Noma ni kwamba hakuna utepe safi asilimia mia. Pahali fulani kuna chembe ya vumbi, pahali fulani plastiki ni nyembamba kidogo, pahali fulani kuna kikunjo kilichofungia hewa. Hapo uga unabana zaidi. Elektroni chache zinang'olewa, zinakimbia, zinagonga zingine, na kwa muda mfupi sana kuna njia wazi kutoka bati moja hadi nyingine. Cheche inapita.

Kwa kapasita za kizamani huo ungekuwa mwisho. Lakini kwa hizi za utepe uliopakwa chuma kuna ujanja ambao mimi huona ni moja ya akili tamu zaidi kwa vifaa vya nyumbani. Ile cheche ina joto kali, na chuma ni chembamba sana, kwa hivyo chuma kinachozunguka tundu kinageuka mvuke na kutoweka. Tundu linabaki, lakini pembeni yake hakuna chuma tena, kwa hivyo stima haina pa kupita. Kidonda kimejifunga. Feni haikugundua hata.

Bei ya matibabu ni kipande kidogo cha eneo. Moja haina shida. Maelfu yake, miezi na miaka, yanakula ile nusu leso polepole. Maikrofaradi 2.5 inakuwa 2.2, inakuwa 1.8, inakuwa 1.4. Na feni inaihitaji hiyo namba. Stima ya nyumbani inasukuma mota mbele na nyuma bila kuiambia izunguke upande gani. Kazi ya kapasita ni kufanya stima ya koili ya pili itangulie ile ya koili ya kwanza kidogo, ndiyo misukumo miwili ipokezane na kuzungusha. Kapasita ikipungua, msukumo wa pili unalegea. Kwanza feni inapoteza spidi. Baadaye inashindwa kuanza yenyewe, inanguruma inangoja ufagio. Ndiyo maana haifi ghafla kama balbu. Inachoka.

Halafu Pwani inaingia

Anza na joto. Feni inayofanya kazi usiku Limuru, kama ipo, inalala kwa baridi. Ya Kilifi iko chini ya mabati yaliyopigwa jua mchana kutwa, na mota yenyewe inatoa joto lake hapo hapo kwenye kikombe. Mafundi wa vihami wana kanuni ya jumla: kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, maisha ya kihami yanapungua karibu nusu. Si sheria kamili, lakini inakupa picha. Plastiki ikipata joto, minyororo ya molekyuli zake inalegea, elektroni zinapata nafasi ya kuteleza, na yale madoa dhaifu yanaongezeka.

Lakini kama ungeniuliza mimi nitaje adui mkubwa, ningesema unyevu. Hewa ya Malindi huwa na maji mengi karibu mwaka mzima, na maji hayo yana marafiki wa chumvi kutoka baharini. Kapasita hufungwa kwa gundi ngumu, ila gundi hiyo ikipanuka mchana na kusinyaa usiku inapata nyufa ndogo. Unyevu unaingia. Polipropilini yenyewe hainywi maji, kweli, lakini kumbuka kile chuma kilichopakwa juu yake. Maji pamoja na uga wa umeme yanakila hicho chuma kutoka pembeni kuja katikati, na zinki ndiyo huliwa haraka zaidi. Ukifungua kapasita ya feni iliyokaa Pwani miaka kadhaa, mara nyingi unakuta utepe umekuwa wazi kama nailoni, chuma kimeisha, huku plastiki yenyewe haina hata alama. Pazia liko, watu ndio hawana pa kusimama.

Kitu hicho hicho unaweza kukisikia nje. Pita karibu na nguzo ya stima ya laini kubwa alfajiri yenye umande baada ya wiki kavu ya upepo wa bahari. Vile vikombe vya kaure vinavyoshika waya hutoa mlio wa kukaangwa. Kaure ni kihami kizuri sana, lakini chumvi iliyotua juu yake ikinywa umande inakuwa njia ya stima kwenye ngozi ya kikombe, na vicheche vinaanza kutembea. Mvua kubwa ikinyesha inaosha chumvi na mlio unaisha.

La tatu ni stima kupotea na kurudi. Ikirudi huja na misukosuko, volteji inaruka juu ya kawaida kwa muda mfupi, na kila mruko ni nafasi ya vidonda vipya kwa plastiki. Ukiwa na tabia ya kuzima feni stima ikipotea na kungoja dakika chache ikirudi, umeiongezea siku.

Soma mgongo wake kabla utoe doh

Dukani utapewa kapasita tatu zinazofanana, bei tofauti, na muuzaji atakuambia zote ni moja. Si moja. Vitu vya maana vimeandikwa mgongoni, shida ni kwamba hakuna mtu hutufundisha kuvisoma.

Namba ya maikrofaradi lazima ifanane na ya zamani. Usidanganywe uweke 3.5 mahali pa 2.5 ati iende spidi. Itakimbia kidogo, koili zitabeba stima kuliko zilivyopangiwa, na hapo sasa utaua mota ya ukweli. Volti ni tofauti. Ukiweka ya juu kuliko ya zamani hakuna ngori, ukiweka ya chini umejitafutia. Kwa feni ya hapa usikubali chini ya 400, na 450 ni bora.

Halafu tafuta herufi. Kiwango cha kimataifa cha kapasita za mota, IEC 60252, kinazigawa kwa masaa ya kazi: A ni masaa 30,000, B ni 10,000, C ni 3,000, D ni 1,000. Piga hesabu na maisha ya Pwani, ambako feni inawaka usiku na mchana. Masaa 3,000 ni siku 125, miezi minne tu. Masaa 10,000 ni kama mwaka mmoja na miezi miwili. Masaa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu. Hii haimaanishi ya C itakufa siku ya 126, maana masaa hayo yanahesabiwa ikiwa kwenye volteji na joto la juu kabisa lililoandikwa, na feni nyingi hazifiki huko. Lakini sasa unajua kwa nini ile ya bei chee huonekana imezaliwa kwa ajili ya kurudi dukani.

Kuna pia namba tatu zenye mikwaju, kama 40/85/21. Ya kwanza ni baridi inayovumilia, nyuzi 40 chini ya sifuri, ambayo Malindi haikuhusu ndewe wala sikio. Ya pili ni joto la juu, 85. Nyingine utakuta 70, na chini ya mabati hiyo tofauti ni kubwa. Ya tatu ndiyo yetu sisi watu wa bahari. Ni siku ambazo kapasita ya mfano ilifungiwa kwenye chumba cha nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 93, halafu ikapimwa kama bado iko sawa. Siku 21. Ukikuta kapasita haina hii namba kabisa, haina herufi ya masaa, ina nembo tu na rangi za kuvutia, basi hujaambiwa chochote kuhusu plastiki iliyo ndani.

Mwisho wa maandishi unaweza kukuta P0, P1 au P2, au kwa toleo jipya herufi S. P2 imeundwa ili ikifa ikate njia ya stima yenyewe badala ya kushika moto. P0 haijakuahidi kitu. Kwa kitu kinachokaa juu ya chandarua na godoro, mimi ningetafuta P2.

Kama una mita ya umeme, nyingi za siku hizi zina sehemu ya kupima kapasita. Mgongoni utaona kitu kama ±5%, yaani 2.5 mpya inaweza kuwa kati ya karibu 2.4 na 2.6. Ukipima ukapata 1.9, umempata mwizi wa upepo wako.

Ndugu zake wa mtaa

Si kila kapasita ina plastiki. Kwa amplifaya ya harusi, zile kopo refu zilizosimama kama soda ndogo, kihami ni kutu nyembamba ya alumini iliyooteshwa kwa makusudi juu ya karatasi ya alumini. Kwa kapasita ya volti 50, hiyo ngozi haizidi sana nanomita 100, na uga ndani yake unafika karibu mara kumi ya ule wa feni. Ndiyo maana kopo dogo linabeba maikrofaradi maelfu na besi inagonga kifuani. Lakini ngozi hiyo inalinda upande mmoja tu. Ukigeuza chanya na hasi, inayeyuka, gesi inajaa ndani, na kopo linalipuka. Ule mkato wa msalaba juu ya kopo ni njia ya dharura ya hiyo gesi. Ukiona kichwa kimevimba, muda umeisha. Na amplifaya iliyokaa stoo miaka usiichomeke soketi moja kwa moja ati harusi ni leo. Ngozi huwa imedhoofika, inahitaji stima kidogo kidogo ndiyo iote tena. Fundi mzuri huiwasha kwanza kupitia balbu.

Simu yako nayo ina mamia ya kapasita ndogo kama punje za mchanga, za kauri ya bariamu titanati. Hii ndiyo dielektriki yenye makeke. Namba yake inafika maelfu, kwa sababu ndani ya fuwele zake kuna atomu za titani ambazo hazikai katikati, ziko tayari kuruka upande wowote. Ila uga ukizidi, zote zinakuwa zimesharuka, hakuna wa kugeuka tena. Kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 10 inaweza kubaki na chini ya nusu ikikaribia volti yake ya juu. Wanaotengeneza saketi wanalijua hilo na huweka za akiba.

Kabla ya plastiki, mambo yalikuwa ya mawe na mimea. Ulanga, lile jiwe linalong'aa na kubanduka kama kurasa, lilichimbwa milima ya Uluguru huko Morogoro tangu enzi za Wajerumani, na ulanga ulikuwa pazia la kapasita za redio. Unavumilia joto ambalo plastiki yoyote ingelainika. Mafuta ya mbarika, huu mbarika unaoota kando ya barabara, yaliloweshwa kwa karatasi kutengeneza kapasita za kutoa shoti kubwa za ghafla kwenye maabara.

Na pale Langobaya, ndani kidogo kutoka Malindi, kuna shamba la sola la megawati 40 lililoanza kuuza stima Desemba 2021. Paneli hutoa stima inayoenda upande mmoja, laini inataka inayogeuka mara 50 kwa sekunde. Kati ya hizo mbili ziko inveta, na ndani ya inveta za namna hiyo kazi ya kutuliza volteji ni ya kapasita kubwa, mara nyingi za utepe wa polipropilini. Ni plastiki ile ile ya feni yako, kwa saizi ya mabosi, kwa jua lile lile.

Ukizima haijazima

Sasa ile ya kupasua. Kapasita ikitolewa kwa stima inaweza kubaki na chaji. Ya feni itakurusha mkono na unaweza kuanguka kutoka kwa stuli, na hapo ndipo watu huumia. Ya kuanzishia pampu ya maji ya kisima, maikrofaradi 100 na zaidi, inabeba nguvu mara 40 ya ile ya feni. Ya mikrowevu inakaa na volti zaidi ya 2,000 na imewahi kuua mafundi duniani. Hiyo usiiguse kama si kazi yako.

Na kuna mtego. Unatoa chaji, unapima sifuri, unaiweka mezani, unarudi baada ya dakika kumi ukiishika inakupiga. Si uchawi. Baadhi ya molekyuli za kihami zilivutwa polepole na zinarudi polepole. Ulipotoa chaji ulimaliza zile za haraka, zile nzito zikabaki zimeegemea, na zinaporegea mahali pake zinaamsha volteji mpya kwa bati. Polipropilini ina hii tabia kidogo sana, zile kopo za alumini zinayo kwa wingi. Kwa hivyo usigonganishe miguu yake kwa bisibisi ukaishia hapo. Itoe chaji kupitia balbu ya kawaida ya kizamani au rezista, ngoja, rudia, halafu acha miguu yake imefungwa pamoja kwa waya mpaka uimalize kazi.

Moja zaidi kwa wale wa vyuma chakavu. Kapasita za taa ndefu na za viwandani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB. Yalipendwa kwa sababu ni kihami kizuri na hayashiki moto kirahisi, mpaka ikajulikana ni sumu inayokaa mwilini na ardhini miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya iliuridhia 2004, uliweka 2025 kama mwisho wa kutumia vifaa vyenye hayo mafuta. Mengine yaliingia kwa transfoma, na hapa Kenya wizi wa mafuta ya transfoma ya kukaangia chipsi umeripotiwa zaidi ya mara moja, kwa sababu hayaishi haraka kwa karai. Ukipata kopo zito la zamani linalovuja mafuta kama asali, usilitoboe, usilichome upate shaba. Moto wa kawaida hauyamalizi. Unayageuza moshi mbaya kuliko yenyewe, na moshi huo unatua kwa nguo zilizoanikwa na kwa kisima cha jirani.